Sanduku Lisilo na Kufuli

Wakija watu wa takwimu kumwuliza Bi Mwanakombo Hemedi kazi yake, huwajibu kwamba analima mihogo, nao huandika hivyo hivyo na kufunga daftari. Siwalaumu sana. Mwenyewe hajui kwamba alichokifanya hapa Mahurunga kwa miaka ishirini na nane kinaitwa kazi. Mimi najua, kwa sababu nilikula matunda yake, kisha nikawa mmoja wa waliomharibia. Kwa hiyo anayesimulia hapa ana hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni ya kujikasirikia mwenyewe. Msomaji asiseme hakuambiwa.

Jina langu ni Veronika. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Mbinga, na serikali ilinileta hapa nikiwa na mimba ya miezi saba na begi moja la nguo. Mume wangu, Kasiani, alikuwa kibarua bandarini Mtwara mjini. Alikuwa akija Jumamosi na kuondoka Jumapili. Nilipanga kununua vitu vya mtoto mshahara ukitoka. Mtoto hakusubiri mshahara. Josephu wangu alizaliwa Jumatano asubuhi, na kabla ya adhuhuri akaingia mama mmoja mrefu, mwembamba, ambaye nilikuwa nimesalimiana naye mara mbili tu kisimani. Kichwani alikuwa na sanduku la bati. Akalitua, akalifungua. Halikuwa na kufuli, hata tundu la kufuli lilikuwa limeliwa na kutu.

Ndani mlikuwa na flaneli zilizofuliwa mpaka zikawa laini, vishati vya kufunga kwa kamba, mpira wa kulalia, beseni dogo, chandarua cha mwavuli na kofia za sufu.

"Chagua," akaniambia. "Akianza kukaa mwenyewe, unafua, unaanika juani, unapiga pasi pande zote mbili, unanirudishia. Pasi usiache, kuna funza wa nguo mbichi."

Nikamwuliza nisaini wapi. Alinitazama kama vile nimemwuliza bei ya upepo.

"Usaini nini, Mwalimu? Mtoto si huyu hapa, namwona."

Baadaye ndipo nilipoelewa akili iliyokuwa ndani ya sanduku lile. Katika vijiji hivi, nguo ya mtoto aliye tumboni hainunuliwi. Hata mwenye korosho za kutosha hathubutu; atakayenunua amemtangulia Mungu, na likitokea la kutokea watu watamnyooshea kidole. Basi mtoto huzaliwa, ndipo mbio zinaanza: baba anatafuta usafiri, bibi anachana khanga kuukuu. Akizaliwa siku zake, anangoja. Akizaliwa kabla ya siku zake, ndiye yule tunayemwita njiti, na njiti hana muda wa kungoja mtu aende Mtwara mjini na kurudi. Sanduku la Bi Mwanakombo lilimaliza ubishi huo. Vitu vilikuwepo kijijini tayari, havikuwa vya mtu, hakuna aliyevinunua kwa ajili ya mtoto fulani. Mkosi ungemwangukia nani?

Alilianzisha baada ya kumzika mtoto wake wa kwanza. Aliniambia habari hiyo mara moja tu, tukimenya mihogo uani kwake, wala hakuacha kumenya. Mtoto alizaliwa miezi miwili kabla ya wakati, upepo wa kusi unavuma, akafungwa kwenye nusu ya khanga. Siku ya nne akapoa.

"Si ugonjwa," alisema. "Ni baridi. Ukisema baridi huku kwetu watu wanakucheka. Mtoto wa kilo moja na nusu anajuaje kama yuko Mtwara?"

Mwaka uliofuata mumewe, Rajabu, alipouza korosho zake Nanyamba, alirudi na sanduku la bati. Bi Mwanakombo akawa ananunua sweta za mitumba zilizotoboka, anazifumua, na kwa spoku mbili za baiskeli zilizonolewa ncha anafuma kofia. Nyingine zilikuwa za ukubwa wa chungwa. Ukiishika moja unadhani ni ya mwanasesere, mpaka siku utakapoona kichwa kinachoenea humo. Hizo aliziita kofia za njiti, akaziweka peke yake kwenye kona ya sanduku, ndani ya mfuko wa sukari. Rajabu alifariki, watoto wake wawili waliokua wakaoa mbali, macho yake yakaanza kufifia kwa kufuma, na sanduku likaendelea kutembea nyumba hadi nyumba. Sikuwahi kusikia kitu kimepotea.

Ndipo wakaja watu wa shirika la Tabasamu la Kichanga.

Walikuja na gari jeupe na mwenye kuongoza msafara alikuwa kijana aitwaye Frank, mtanashati, mwenye adabu ya ofisini. Alimpa Bi Mwanakombo shikamoo ya kupinda magoti. Akasema shirika lao linasaidia familia zenye hali ngumu kupata mahitaji ya watoto wachanga, na kwamba kabla ya kuleta chochote wanataka kujifunza kutoka kwa jamii. Neno hilo, kujifunza, alilitamka mara nyingi. Tukampeleka akaone sanduku. Msaidizi wake, binti aitwaye Glory, akalipiga picha likiwa limefungwa, likiwa wazi, na kofia ya njiti ikiwa kiganjani.

Kisha tukakaa kikao kwenye ofisi ya kijiji.

"Bibi, umefanya jambo kubwa," Frank alisema. "Lakini nikuulize, hizi flaneli zimepita kwa watoto wangapi?"

"Sijui, mwanangu. Wengi."

"Unaona? Kiafya haikubaliki. Kuna bakteria. Sisi tutaleta mifuko arobaini, mipya, kila kitu ndani. Ila hatuwezi kuendesha mradi sehemu yenye vitu chakavu. Inabidi viteketezwe."

Bi Mwanakombo aliuliza maswali mawili, na mpaka leo nayaona ndiyo maswali pekee ya maana yaliyoulizwa siku ile. Aliuliza mifuko ikiisha itakuwaje. Akajibiwa italetwa mingine. Akauliza itakaa kwa nani. Akajibiwa kwa kamati, na katibu wa kamati ni Mwalimu Veronika, msomi, mtu anayeaminika. Wote wakanigeukia. Nilifurahi. Niseme ukweli, kichwa kilinivimba.

Naye alifurahi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Alidhani amepokelewa mzigo. "Sasa nitapumzisha macho," alisema, akazunguka nyumba zote kukusanya hata vile vilivyokuwa vinatumika. Mama mmoja alimvua mwanawe kishati pale pale mlangoni. Mgeni njoo, mwenyeji apone; sisi tulimwaga vyote mbele ya mgeni, nyuma ya ofisi ya kijiji, flaneli na kofia na chandarua. Frank akataka picha ya tukio. Akauliza kama kuna kiberiti. Kikaletwa. Akasema itapendeza zaidi kama bibi mwenyewe atawasha, na Bi Mwanakombo akawasha. Sufu inanuka vibaya ikiungua, kama nywele.

Mifuko arobaini ililetwa kweli, siwezi kuwasingizia. Ikafungiwa stoo ya ofisi, ufunguo nikapewa mimi, na pamoja na ufunguo nikapewa masharti kwenye karatasi iliyopigwa muhuri. Mama aje mwenyewe. Aje na mtoto. Asimame mbele ya bango la shirika, ameshika mfuko, uso wake na wa mtoto uonekane. Picha itumwe kwa simu siku hiyo hiyo, ndipo mfuko utoke. Bila picha, hakuna mfuko.

Mtu yeyote aliyezaliwa ukanda huu angecheka. Mzazi akijifungua, anakaa ndani siku arobaini. Anakandwa kwa maji ya moto, anakunywa uji, mtoto haonyeshwi upepo wala macho ya watu. Kumtoa kabla ya arobaini ili akasimame mbele ya bango barabarani, hakuna mama mkwe atakayekubali, hata wewe ungekuwa nani. Na mtoto akitimiza arobaini, vitu vya kichanga vya nini tena? Nililijua hilo. Niliyaona miaka yote niliyokaa hapa, nami nilikandwa na huyo huyo Bi Mwanakombo, nikafungiwa ndani siku arobaini na Ukristo wangu. Lakini nilisaini karatasi. Nilijiambia watu watazoea.

Hawakuzoea. Mpaka mwezi wa saba mifuko iliyotoka ilikuwa sita, yote kwa watoto wanaotambaa, wa akina mama wenye vibanda vya barabarani, na mmoja kwa shemeji wa mwenyekiti. Frank alinipigia akashangaa. "Mwalimu, inaonekana uhitaji hapo si mkubwa kama tulivyofikiri."

Mwezi huo huo Nasra akajifungua.

Nasra alikuwa na miaka kumi na tisa, ameolewa kutoka Ziwani, hana mama. Mumewe, Saidi, alikuwa ameenda kupalilia mikorosho ya watu upande wa Nanyamba. Mtoto alikuja wiki saba kabla ya siku zake. Nesi wa zahanati, Riziki, alimpima: kilo moja na gramu mia saba, mvulana. Wakapelekwa hospitali mjini, wakakaa siku kumi, Nasra akafundishwa kumbeba mwanawe kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana kutwa. Wakaruhusiwa. Siku ya tatu baada ya kurudi, malaria ikampiga Nasra akawa anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Alinyonyesha kwa kushikiliwa. Kumbeba mtoto hakuweza.

Bi Mwanakombo alinijia shuleni wakati wa mapumziko. Kusi ilikuwa inavuma mpaka vumbi la uwanja linaingia madarasani.

"Mwalimu, nnaomba mfuko mmoja. Wa Nasra. Mtoto yupo kwenye khanga tupu."

Ufunguo ulikuwa kwenye pochi yangu. Stoo ilikuwa hatua chache kutoka tulipokuwa tumesimama. Nikatoa simu, nikampigia Frank.

"Mwalimu, mimi binafsi sina shida," alisema. "Ni mfumo. Mfumo unataka picha."

"Mama mtoto ni mgonjwa, na yupo ndani ya arobaini."

"Basi mtu mwingine amlete mtoto. Dakika tano tu, tunapiga, anarudi."

Sasa sikilizeni nilichofanya mimi, mwanamke, mzazi, msomi. Nilishusha simu nikarudia maneno ya Frank neno kwa neno. "Mlete wewe, Bi Mwanakombo. Dakika tano tu."

Alinitazama. Khanga yake ilikuwa inapepea mpaka inampiga usoni.

"Kwenye upepo huu, Mwalimu?"

Akageuka akaenda zake. Kengele ikalia, nikaingia darasa la nne kufundisha stadi za maisha.

Kwa siku tisa nilipita karibu na stoo ile asubuhi na mchana. Nilijipa kila sababu. Kwamba nikivunja utaratibu mradi utafungwa na wengine watakosa. Kwamba nimesaini. Kwamba huenda Saidi amerudi. Mtu akitaka kuwa mwoga hakosi hoja, na mwalimu ndiye mwenye hoja nyingi kuliko wote. Riziki ndiye aliyenikata kilimi. Tulikutana kwenye njia ya zahanati nikamwuliza hali ya mtoto wa Nasra. "Anaishi kifuani kwa Bi Mwanakombo," alisema. "Hajamtua. Analala amekaa. Nilimwambia mama utaanguka, akaniambia nikianguka nitaanguka chali."

Siku ya kumi, saa sita mchana, watu wakiniona, nilifungua stoo nikachukua mfuko.

Nilimkuta kwenye chumba cha Nasra, ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha mkekani. Nasra alikuwa amelala, homa imeanza kushuka. Bi Mwanakombo alikuwa amejifunga khanga mbili kifuani kwa mkazo, na juu ya khanga kilichoonekana kilikuwa kichwa tu, ukubwa wa chungwa, kimevishwa kitu cha mistari ya bluu na nyeupe. Nilitazama vizuri. Ilikuwa soksi ya kuchezea mpira ya marehemu Rajabu, imekatwa upande wa vidole na kushonwa.

Macho yake yalikuwa mekundu na midomo imekauka. Nikafungua mfuko kwa haraka, kama mtu anayelipa fidia. Mlikuwa na blanketi zito, zuri. Mlikuwa na chupa ya maziwa ambayo Riziki asingeiruhusu ikaribie mlango, njuga ya plastiki, na kofia. Nikampa kofia. Akamvua mtoto soksi, akamvisha. Ikashuka mpaka kidevuni, mtoto mzima akapotea.

"Hii ya baba yake," alisema. Akaivua, akarudisha soksi.

Blanketi alilipokea, akalipapasa. Kisha akauliza bila kupandisha sauti, na sauti ile haijanitoka masikioni:

"Mwalimu. Josephu wako mimi nilimpiga picha?"

Nilianza kulia. Aliniacha nilie, wala hakunibembeleza, na alifanya vizuri. Nilipomaliza akaniambia ninawe mikono, nivue blauzi, nimpokee mtoto, yeye akajinyooshe mgongo. Nilikaa naye mpaka alasiri. Alikuwa mwepesi kuliko daftari za darasa moja, na moyo wake ulikuwa unakimbia juu ya moyo wangu. Nikiwa nimekaa pale nilikumbuka mfuko wa sukari kwenye kona ya sanduku, kofia za vichwa kama hivyo, nilizohesabu kuwa vitu chakavu.

Mtoto alipona. Alipewa jina Bakari. Mimi niliandikiwa barua nieleze kwa maandishi kwa nini mfuko mmoja umetoka bila picha. Nikaeleza. Nikarudisha ufunguo ndani ya bahasha hiyo hiyo, na kabla ya kuurudisha nikawapa akina mama wote wenye mimba kubwa na wenye vichanga mifuko iliyobaki, mchana kweupe, bila bango. Mwenye mimba hakukubali kwenda nayo nyumbani, kama nilivyotegemea. Wote waliipeleka pale pale: uani kwa Bi Mwanakombo.

Mwezi wa kumi na moja shirika lilikuja tena, safari hii na wageni watatu kutoka Dar es Salaam. Habari za njiti wa Mahurunga zilikuwa zimewafikia. Walitaka picha ya mtoto wa muujiza na bibi aliyemwokoa. Wakatundika bango nyuma ya Bi Mwanakombo, Frank akampa mfuko mtupu aushike, akamwomba atabasamu kidogo. Nasra alisimama pembeni na Bakari mgongoni, mashavu yamemjaa.

Bi Mwanakombo aliuweka mfuko chini. Akafungua khanga shingoni, akaishusha mpaka mifupa ya kifua ikaonekana, kifua cha mwanamke mtu mzima kilichokwisha nyama. Akapiga hapo kwa kiganja.

"Piga hapa. Siku kumi nguo yake ilikuwa hii."

"Bibi, tafadhali jistiri," Frank alisema, akitazama wageni.

"Nijistiri na nini? Si mlichoma?"

Glory alikuwa ameinua simu, na nilisikia ikilia, kwa hiyo picha ilipigwa. Frank akasema muda umekwenda. Gari likaondoka, bango wakalisahau. Bi Mwanakombo amelikata vipande vya kulalia watoto, maana ni mpira mzuri, haupitishi maji.

Ripoti yao ilinifikia shuleni mwaka huu. Ukurasa wa tisa una picha mbili. Ya kwanza ni sanduku la bati likiwa wazi, na chini yake wameandika: Hali kabla ya mradi. Ya pili ni mifuko arobaini imepangwa stoo. Hali baada ya mradi. Kifua hakimo.

Nilimpelekea nikamsomea. Alikuwa anafuma, spoku zikigongana, sanduku liko miguuni limefunguliwa. Juu kabisa kulikuwa na soksi ya Rajabu, imefuliwa na kupigwa pasi pande zote mbili, inamngoja mwingine.

"Wameandika nani aliwasha moto?" aliuliza.

"Hapana."

"Basi andika wewe. Andika ni mimi niliwasha."

Ndiyo hii nimeandika, Bi Mwanakombo. Lakini hukunitaka niandike yote, kwa sababu wewe ni muungwana. Kiberiti uliwasha wewe. Aliyekimbia nyumbani kukileta ni mimi.